Reli Iliyozunguka Mafiga ya Bibi

Juzi jirani yangu hapa Korogwe alikuwa akisafisha kishamba chake nyuma ya nyumba, akachoma mabua ya mtama. Mimi nilikuwa naanika nguo. Ile harufu ilipovuka ua, tamu kidogo mwanzoni kama sukari inayoungua, kisha kali ya kukera koo, nilisimama na shuka bichi mkononi mpaka maji yakanitiririkia miguuni. Jirani akaniuliza kama moshi unanisumbua. Nikamwambia hapana. Ningemweleza nini? Kwamba harufu ile kwangu mimi ni ya reli? Angedhani uzee umeanza kunichezea, na nanyi mtadhani hivyo hivyo nisipoanza mwanzo.

Nilizaliwa Ngombezi, katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge, kwenye chumba kimoja cha mstari mrefu wa vyumba vilivyofanana mpaka walevi walikuwa wakiingia visivyo vyao. Baba alikuwa katika genge la reli ya shamba, ile reli nyembamba iliyobeba mkonge kutoka mashambani hadi kiwandani. Kazi yake ilikuwa kubadilisha mataruma yaliyooza, yale magogo yanayolaliwa na reli, kukaza misumari na kurudisha njiani mabehewa yaliyoanguka. Nilimfuata kila aliponiruhusu, na mara nyingine hata alipokataza. Alikuwa na chuma cha kupimia upana wa njia, nami nilikibeba kwa mikono miwili nikijiona mtu mkubwa. Siku moja aliniambia kwamba kwenye kona reli hupanuliwa kidogo, kidogo tu, kwa sababu behewa haligeuki kama mbuzi. Kila mtoto huwa na kitu kimoja anachokijua kuliko wenzake. Mimi nilijua kwamba reli kwenye kona hupanuliwa.

Nilipofika miaka minane mama akajifungua mapacha. Chumba kilikuwa kimeshajaa kabla yao. Ikaamuliwa kwamba mimi, Zaina, niende kukaa kwa bibi mzaa baba, upande wa Mazingara, Handeni, kwa muda. Muda wenyewe ulikuwa miaka mitano.

Bibi alikaa peke yake porini, na jirani wa karibu ulimfikia kwa kupiga kelele. Nyuma ya nyumba kulikuwa na makaburi matatu: la babu, na mawili madogo ya shangazi zangu ambao hawakuwahi kukua. Kila Alhamisi alasiri bibi aliyafagia, akafukiza ubani, kisha akakaa chini na kumsimulia babu habari za wiki nzima. Mbuzi gani amezaa, nani ameoa, mvua imefika wapi. Alimsimulia bila huzuni yoyote, kama mtu anayezungumza na mumewe aliyejipumzisha nyuma ya nyumba. Na mimi nilitajwa, hasa nikifanya utundu, hivyo nilimwogopa babu zaidi kuliko walio hai.

Niliumwa na upweke, nasema wazi. Sikuwa nimewahi kulala pasipo kusikia watu upande wa pili wa ukuta. Ndipo nikaanza kujenga reli ya kunirudisha Ngombezi.

Sasa niwaeleze nilichokuwa nacho. Nyumba ya bibi ilikuwa msonge, duara moja lisilo na vyumba. Katikati palikuwa na mafiga, na mafiga hayahami. Upande mmoja kitanda cha kamba, upande wa pili mtungi wa maji, karibu na mlango kinu, na jua likizama waliingia mbuzi watatu. Sakafu iliyobaki haikumtosha mtu mzima kujinyoosha. Nje nisingeweza kujenga, kwa sababu kuku walichakura kila kitu. Reli ilibidi ipite mle mle ndani, na kila inchi niliiombea ruhusa.

Ukingoni mwa shamba kulikuwa na mikonge michache iliyojiotea. Nilikata mlingoti uliokauka, ile nguzo ndefu inayobeba maua ya mkonge, ambao ndani ni mwepesi na laini, nikauchonga mataruma madogo ya urefu wa kidole. Reli zilikuwa maganda ya mabua ya mtama yaliyopasuliwa membamba. Misumari ilikuwa miiba ya mgunga, nayo iliingia kwenye mlingoti bila shida. Kopo la maziwa likawa kichwa cha treni, maboksi ya kiberiti yakawa mabehewa. Magurudumu nilikata kwenye kandambili iliyokwisha, kila moja vipande viwili, kikubwa na kidogo, ili liwe na mdomo wa kushika reli kama nilivyoona kwa baba. Kandambili ile, kwa kweli, ilikuwa bado haijaisha sana. Bibi aliitafuta siku mbili.

Shida ilikuwa kona. Nyumba nzima ilikuwa kona. Bua likikunjwa linakatika, na mimi nilikata mabua mpaka nikalia kwa hasira. Kisha siku moja bibi akipika niliona bua bichi lililosogea karibu na moto limepinda lenyewe bila kuvunjika. Tangu hapo nikawa nachuchumaa jikoni, nalisogeza bua karibu na makaa, nalipinda taratibu, naliachia lipoe. Hiyo ndiyo harufu iliyovuka ua juzi.

Treni bado ikawa inaanguka ilipofika mafigani. Mara ishirini, mara thelathini. Nikakumbuka chuma cha baba, nikapanua njia pale kwenye kona kwa upana wa ukucha, na kopo la maziwa likapita likazunguka mafiga bila kuyumba. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha safi kama ile tena. Usiku huo huo mbuzi mmoja alikula robo ya reli, lakini nilikuwa nimeshajua siri, nikajenga upya.

Nikapanga stesheni. Ngombezi iliwekwa karibu na mlango, Korogwe kwenye mtungi wa maji. Uvunguni mwa kitanda, ambapo palikuwa na giza na bibi hakupitisha mguu, paliwekwa karakana. Ukutani kulikuwa na sehemu moja tu iliyonyooka kidogo, nami nikaweka pale maboksi ya kiberiti mstari mmoja kama nyumba. Wakati huo kila mtu alikuwa akizungumzia kijiji kipya cha ujamaa kitakachojengwa barabarani, nyumba zikae kwa mistari, basi nikasema hicho ndicho kijiji. Ilibaki kuweka kwetu. Nilijaribu sana. Kila nilipoweka kijumba cha kwetu, ama kiliangukia majivuni, ama bibi alikikanyaga akienda kuchota maji. Mwisho nikaacha. Ndani ya nyumba ya bibi hapakuwa na nafasi ya kuweka nyumba ya bibi.

Bibi aliitazama kazi hii kwa makini kuliko nilivyodhani. Alikuwa ameishi karibu na Korogwe alipoolewa, na kulikuwa na habari moja aliyopenda kuisimulia. Wakati ule walikuja watu wakatandaza kamba porini na kuchomeka vijiti, wakapima, wakaandika, wakaenda zao. Wanakijiji walicheka mpaka wakaumwa mbavu, kwamba wageni wanapanda vijiti wangoje viote. Baada ya mavuno mawili, pale pale penye vijiti, ikapita reli ya mkonge na moshi wake. Bibi alikuwa miongoni mwa waliocheka. Alisema tangu siku hiyo hajacheka tena mtu anayechomeka vijiti chini.

Kuhamia kijijini bibi alikuwa amekataa mara mbili. Mzee Sefu, mjumbe wetu wa nyumba kumi, alikuja akambembeleza, akarudi na mtu wa wilayani akambembeleza naye. Bibi aliwaandalia kigoda na maji ya kunywa na kuwaambia kwamba haikatai serikali. Anachokataa ni kumwacha mumewe. Wakaondoka kwa adabu.

Mara ya tatu alikuja afisa mwingine, kijana, shati limelowa jasho, viatu vyekundu kwa vumbi. Alionekana amechoka kuliko sisi. Mvua ndogo ilikuwa imeanza kunyesha, bibi akamkaribisha ndani pamoja na Mzee Sefu, na mle ndani ndimo afisa alipoiona reli. Alisahau kilichomleta. Alichuchumaa, akasukuma kopo la maziwa kwa kidole, likatoka uvunguni, likapita kijijini, likazunguka mafiga, likafika mtungini. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamjibu kwamba baba yangu ni mtu wa reli. Nilijisikia kama nimepewa cheo.

Bibi ndiye aliyeuliza vile vijumba vya mstari ni nini. Nikasema ni kijiji kipya, na pale ni stesheni yake.

"Na sisi tuko wapi?" bibi akauliza.

"Sisi hatukutosha, bibi. Hapakuwa na nafasi."

Niliona uso wake ukibadilika, sikujua kwa nini. Akatazama zile nyumba za kiberiti, akatazama reli, akamgeukia yule afisa. Akamuuliza kama ni kweli, kwamba reli itapita kijijini na huku haitafika. Afisa alikuwa bado amechuchumaa. Alikuwa na kaya nyingine nyingi za kwenda siku ile, na mvua, na sasa mlango ulikuwa umefunguka wenyewe mbele yake. Akasema, bila kuinua macho, "Mama, si mtoto amekuonyesha ramani yote."

Bibi hakuridhika na hilo. Alikuwa mtu wa kuhakikisha. Alinijia mimi, akanishika kidevu, akaniuliza taratibu, "Zaina, treni itafika pale kweli? Niweze kumwona baba yako na wale mapacha?"

Nilimtazama afisa. Alikuwa akinitazama naye, wala hakunikonyeza. Mzee Sefu alikuwa akitazama mvua. Mle ndani walikuwa watu wazima watatu na mimi mwenye miaka tisa, na wote walikuwa wakingoja neno langu. Niliogopa. Tena, niseme ukweli wote, nilitaka iwe kweli. Nikasema, "Itafika, bibi."

Alhamisi iliyofuata alifagia makaburi, akakaa chini, akamweleza babu. Nilikuwa nyuma ya ukuta nasikiliza. Alimwambia kwamba anakwenda mbele kidogo, mahali ambapo treni itapita, na kwamba watoto watakuwa wanakuja kumwona kwa urahisi. Alimwomba asikasirike. Nilitaka kutoka pale nilipojificha niseme yote. Nikabaki nyuma ya ukuta mpaka aliponyanyuka.

Lori lilipokuja bibi alikuwa ameshafunga mizigo. Kitanda, kinu, mtungi, kuku kwenye tenga. Reli yangu haikuwa na mahali garini, na mimi sikuiombea. Niliiacha pale chini, na watu wa lori walipoezua paa ili nyumba isikaliwe tena, mwanga uliingia mle ndani kwa mara ya kwanza, nikaona jinsi ilivyokuwa ndogo.

Kule kijijini tulipewa kiwanja katika mstari wa tatu. Bibi alisimama mbele ya nyumba, akakadiria kwa macho, akapima hatua nne kutoka mlangoni hadi ukingo wa kiwanja. Eneo hilo hakulima. Alilipalilia, akalifagia, akaokota mawe, likabaki jekundu na tupu wakati majirani wamepanda mahindi mpaka kizingitini. Bwana shamba alimgombeza. Bibi alimjibu kwa heshima kwamba ikija reli itabidi ang'oe mahindi, na yeye hapendi kung'oa chakula. Watu wakaita pale stesheni ya bibi. Watoto waliopita walipiga honi kwa midomo. Bibi alicheka nao, kwa sababu na yeye aliwahi kuwacheka wenye vijiti.

Mimi sikucheka. Kila asubuhi nilipewa ufagio nifagie stesheni.

Baba alipokuja kututembelea, kwa mguu na kwa lifti za malori, nilimvuta pembeni nikamweleza. Alicheka kwanza. Kisha akaona uso wangu, akaacha. Alimwendea mama yake akamwambia hakuna reli inayokuja, yeye yuko kwenye kazi hiyo, angesikia. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba mtu anayebeba mataruma haambiwi mipango ya wakubwa, na kwamba afisa alisema, na Zaina alisema, na Zaina hawezi kumdanganya. Baba alinitazama kwa muda mrefu. Alingoja niseme. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Kesho yake akaondoka.

Halafu mvua zikakataa. Mahindi yalisimama urefu wa goti yakakauka yakiwa wima. Tukawa tunapanga mstari kupokea unga wa njano wa msaada, na ule unga nao ukawa mchache. Waliopanda muhogo kila upenyo walichimba na kuchemsha. Sisi tulikuwa na hatua nne za udongo uliofagiwa. Bibi alinipakulia ugali akasema yeye ameshakula nilipokuwa shule. Siku ya kwanza niliamini. Siku ya nne nilirudi mapema, nikamkuta amekaa mlangoni na sufuria ni safi, haijaguswa. Nikahesabu kichwani vipande alivyonipa wiki ile, nikaona kwamba nilikuwa nikimla bibi yangu.

Nilimwambia pale pale, nimesimama, mkoba wa shule begani. "Bibi, hakuna reli. Ile ilikuwa yangu ya kuchezea. Nilisema uongo."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa akitazama ile ardhi yake safi, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa tu, "Basi babu yako tumemwacha kule kwa ajili ya nini?"

Mpaka leo, na mvi hizi, bado nalisikia swali lile.

Asubuhi yake nilimkuta na jembe. Alilima hatua zote nne peke yake, akakataa nimsaidie, akaomba vipande vya muhogo kwa jirani akavipanda. Watoto waliopita siku hiyo walipiga honi kama kawaida yao, na bibi hakuinua kichwa. Hatukuzungumza habari ya reli tena. Aliendelea kunipenda, na hilo nililiona gumu kulibeba kuliko jembe.

Nilipokua na kusoma na kuwasikiliza watu wa sehemu nyingine, nilielewa kwamba lori lingekuja tu. Waliokataa katika upande wetu walikuwa wengi, na wote walihama. Reli yangu haikumhamisha bibi. Angehama hata kama nisingezaliwa. Nilipolielewa hilo nilipata nafuu, nikadhani yamekwisha.

Lakini nilikuwa nimesahau jioni za kijijini. Wanawake walikaa pamoja wakichambua mboga na kusimuliana walivyotolewa makwao. Mmoja alikalia kizingiti chake mpaka wakamnyanyua na kigoda. Mwingine alijifungia na mbuzi. Walilaani, wakalia kidogo, wakaishia kucheka, na walinyanyuka pale wakiwa wepesi. Kila walipomgeukia bibi aseme na yeye yaliyomkuta, bibi aliinama kwenye ungo wake. Hakuna aliyemburuta. Alipanda lori lile kwa miguu yake, amejifunga kanga yake nzuri, akamshukuru dereva. Wenzake wote walikuwa na mtu wa kumlaumu. Yeye wa kumlaumu alikuwa na mimi tu, akachagua kunyamaza, na alinyamaza mpaka siku aliyokufa.